Ami asema fidla hizi hazina mchuzi: kasoro ni ya diski au ya masikio yetu?

Swali la msomaji:

“Assalaam alaykum, maalim. Mimi nafundisha shule hapa Lamu. Mgeni mmoja aliyepanga kwetu aliniachia sidii ya konseto za fidla (muziki wa fidla moja ikiongoza na okestra ikiitikia) za Mozart, mtunzi wa Ulaya wa zamani, namba 3, 4 na 5, zilizopigwa na okestra ndogo isiyo na mtu wa kusimama mbele kuongoza. Jumamosi baada ya Isha niliwaalika jamaa tisa nikazipiga ndani, katika chumba cha zamani cha nyumba yetu ya mawe, kwa spika mbili ambazo shemeji yangu hupeleka harusini. Ikawa mzozo. Ami yangu, aliyepiga fidla ya taarab tangu ujana wake, alisema hizi hazina mchuzi, zimenyooka kama kamba ya mjenzi. Shemeji alisema hasikii fidla, anasikia boti likivuma. Mwanangu wa miaka 16 aliuliza mwimbaji ataingia lini. Dada yangu peke yake ndiye aliyependa, na hasa sehemu moja ya polepole, akataka irudiwe. Mimi nilibaki na aibu, kwa kuwa nilishawasifia mno. Baadaye nikasoma maoni ya wasikilizaji wa Ulaya juu ya rekodi hiyo hiyo, na wao pia hawaelewani: huyu asema ni changamfu, yule asema ni nyembamba na ina pupa. Je, ni masikio yetu, ni diski, au ni muziki usio wetu? Ninunue nyingine ipi? Na jambo dogo: tangu usiku ule sikio langu la kushoto linalia ngiii. Leo ni siku ya nne.”

Jibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na hilo uliloliita dogo, kwa sababu ndilo pekee katika barua yako linaloweza kuharibika kwa kungoja. Sikio likilia baada ya kelele kubwa, mara nyingi hunyamaza lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Lako limeshavuka hapo. Huenda ni nta iliyoziba tu, na hilo daktari hulimaliza kwa dakika chache. Lakini ikiwa upande huo pia unasikia hafifu (sugua vidole karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto, ulinganishe), basi usilale nalo. Kuna aina ya kupoteza usikivu kwa ghafla ambayo dawa zake hufaa zikianzwa siku za mwanzo, na kila wiki inayopita hupunguza nafasi ya kupona. Nenda hospitali kesho asubuhi, utaje siku na saa ilipoanza, uombe wapime masikio yote mawili. Usitie kijiti cha pamba wala mafuta ya moto, hata kama nyumbani kuna mtu anayeapa kwamba yanafaa.

Nadhani ulikaa upande wa spika ya kushoto. Spika za harusi hufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100 bila jasho. Kanuni inayotumika sana makazini ni kwamba desibeli 85 mtu huvumilia kwa saa 8, na kila zikipanda desibeli 3 muda hukatwa nusu. Ukipiga hesabu mpaka 100, unabaki na robo saa. Wewe ulipiga konseto tatu, zaidi ya saa nzima.

Sasa mzozo wenyewe. Umeniuliza kosa ni la nani, kana kwamba watu wote tisa walisikia kitu kimoja kisha wakahitilafiana katika kukihukumu. Nimesoma barua yako mara mbili na ninachokiona ni watu walioketi chumba kimoja na kila mmoja akasikia kitu chake, akakieleza sawasawa. Hakuna hata mmoja aliyesema upuuzi. Hata wale wa Ulaya.

Nianze na shemeji na boti lake, maana hapo ndipo penye nusu ya kesi.

Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, na sababu unaijua: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, kwa hiyo upana wa chumba haufiki mita 3. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, zimepakwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo haumezi sauti ya chini, huirudisha karibu yote. Sasa tazama: katika joto letu sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Noti ya besi inayotetema mara 66 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 5 na kidogo, na nusu yake ni mita 2.6 hivi. Yaani wimbi hilo linaingia chumbani kwako kama mguu kwenye kiatu chake. Linagonga ukuta huu, linarudi, linakutana na jingine linalokuja, yanajumlika, na noti hiyo moja inavimba kuliko zote. Selo na besi za okestra, zile ndugu kubwa za fidla zenye sauti nzito, hupita hapo kila mara. Fidla haina noti hizo kabisa: uzi wake wa chini kabisa hutetema mara 196 kwa sekunde.

Wimbi la aina hiyo lina nguvu zaidi kwenye kuta, na katikati ya chumba hufifia karibu kuisha. Na wageni wako walikaa wapi? Nina hakika walikaa kwenye mikeka, migongo ukutani, kama tunavyokaa sote. Umewaweka watu tisa penye mvumo mkubwa kuliko mahali pengine popote chumbani, kisha ukawasomea Mozart. Jaribu ukiwa peke yako: piga diski kwa sauti ya wastani, anza ukutani, tembea taratibu mpaka katikati, halafu endelea mpaka ukuta wa pili. Utasikia boti likiondoka na kurudi.

Juu ya hayo, spika za shemeji zimepangwa kwa harusi. Kitufe cha besi kimesokotwa mpaka mwisho, sivyo? Nyimbo za harusi za siku hizi hurekodiwa sauti ikiwa imebanwa, ndogo na kubwa zote zinakaribia kulingana, ili zisikike juu ya vigelegele. Rekodi ya okestra haijabanwa hivyo. Mpigaji akinong’ona, diski nayo inanong’ona. Wewe ukapandisha sauti ili kunong’ona kusikike, halafu okestra nzima ikaingia kwa pamoja. Sikio lako la kushoto linayo habari hiyo.

Na kitu kimoja zaidi, nitakipitia haraka: harusini spika zote mbili hubeba sauti ile ile. Okestra nyingi ndogo zinazopiga muziki wa zama za Mozart huwakalisha fidla wa kwanza kushoto na wa pili kulia ili wajibizane, hawa wakiuliza na wale wakijibu, kama safu mbili za matari kwenye maulidi. Ikiwa waya wa shemeji unachukua upande mmoja tu wa sidii, mlisikia mtu anayeongea kwa simu na mwenzake hasikiki. Sikiliza diski hiyo kwa vipokea sauti vya masikioni, kisha kwa spika, utajua mara moja.

Ndiyo maana sishangai dada yako alipenda sehemu ya polepole. Hukusema ni ya konseto ipi, lakini ningeweka dau langu kwenye namba 3. Pale Mozart aliwanyamazisha obo (ndugu wa mbali wa zumari yetu) akaweka filimbi badala yao. Fidla za okestra zinabanwa kwa kijiti cha kupunguza sauti, na besi hazipigwi kwa upinde, zinadonolewa kwa kidole. Noti iliyodonolewa hufa upesi. Chumba chako hakikupata nafasi ya kuivimbisha. Kwa hiyo kwa dakika kadhaa boti lilizima injini, na dada yako akawa mtu wa kwanza usiku ule kusikia fidla yenyewe.

Tuje kwa ami. Huyu ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika jibu refu.

Aliposema hazina mchuzi, alitaja kitu halisi kinachopimika. Mpigaji wa fidla akikandamiza uzi anaweza kukitikisa kidole, sauti ikapanda na kushuka kidogo sana kuzunguka noti. Huo mtetemo ndio mafuta ya sauti. Fidla za rekodi za Cairo, zile zilizomlea kila mpigaji wa pwani wa rika la ami yako kupitia redio, zina mtetemo mwingi, zinateleza kutoka noti hadi noti, na hazikosi nakshi. Okestra kubwa za Ulaya za karne ya 20 nazo zilitetemesha karibu kila noti. Lakini okestra ndogo kama hii ya mgeni wako, kwa miongo kadhaa sasa, zimeamua kurudi kwenye desturi ya zama za mtunzi: mtetemo unatiwa kama chumvi, mahali pake tu. Baadhi yao hutumia pia nyuzi za utumbo wa kondoo badala ya chuma, na pinde za umbo la zamani. Sauti inayotoka ni nyepesi, ina mwanzo wa wazi kama herufi iliyotamkwa vizuri, na haibaki hewani muda mrefu.

Hawakulizua kichwani. Baba yake Mozart, Leopold, alikuwa mwalimu wa fidla mwenye jina, na kitabu chake cha kufundishia kilitoka mwaka 1756, mwaka aliozaliwa mwanawe. Humo anawadhihaki wapigaji wanaotetemesha kila noti kana kwamba wameshikwa na homa isiyoisha. Sisi tunaoijua homa ya pwani tunaelewa vizuri mzee yule alikuwa anamwona nani mbele yake.

Basi ami amesikia sawa, ila akihitimisha kwamba wapigaji hawa hawajui kazi, hapo nitamsimamisha kwa heshima. Kupiga bila mtetemo ni kugumu zaidi. Mtetemo huficha noti iliyokaa pembeni kidogo. Ukiuondoa, kosa la unywele linasikika mpaka nje darini. Je, lazima mtu apende? Hapana. Mimi mwenyewe kuna rekodi za namna hii ambazo nazisikiliza kwa heshima tu, kama mtu anavyokula chakula cha mgonjwa.

Kuna sababu ya pili ya “kamba ya mjenzi”, na hii sidhani ami aliisema waziwazi ingawa sikio lake lilishaijua. Maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) kama Rasti na Bayati yana noti zinazokaa katikati ya zile mbili za kinanda. Sikio lililokulia humo huzingojea, kama mtu anayengojea tui kwenye wali. Mozart hana noti hizo. Hata nyuzi hufungwa tofauti: yeye anazifunga kwa noti za sol, re, la, mi, wapigaji wengi wa mtindo wa Kiarabu hufunga sol, re, sol, re, ili nyuzi mbili zile zile ziitikiane juu na chini. Muulize ami zake anazifunga vipi, utafungua mlango wa mazungumzo ya saa mbili.

Na kuhusu nakshi: katika taarab kila mpigaji anaupamba wimbo mmoja kwa mkono wake, wote pamoja. Kwa Mozart, okestra hupiga kilichoandikwa, na uhuru amepewa mpigaji mmoja. Karibu na mwisho wa sehemu, okestra nzima inasimama kwenye kodi moja (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kama watu waliomwona mkubwa akitaka kusema, na fidla inabaki peke yake. Hapo panaitwa kadenza. Kwa konseto hizi za fidla, kadenza za Mozart mwenyewe hazikutufikia, kwa hiyo kila mpigaji analeta zake au anaazima, na nyingi zinazoazimwa ni za mpiga fidla Joseph Joachim wa karne ya 19. Ndiyo kusema rekodi mbili za konseto moja zinaweza kuachana kabisa mahali hapo. Ami akisikilize hicho kipande kwanza, kabla ya kingine chochote. Nina shaka kama atasema ni kamba.

Mwanao na mwimbaji wake nusura nimcheke, kisha nikakumbuka. Mwaka 1775, Mozart akiwa na miaka 19 huko Salzburg, aliandika opera (mchezo wa kuimbwa) iitwayo Il re pastore. Ndani yake mchungaji anaimba aria, wimbo wa mtu mmoja, inayoanza kwa maneno yenye maana ya hewa tulivu na siku angavu. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huo huo, alichukua mwanzo wa aria ile akaufanya mwanzo wa konseto namba 3. Kwa hiyo kijana alisikia wimbo ulionyang’anywa mwimbaji, akauliza yuko wapi. Mwambie mwimbaji ni fidla. Na asikate tamaa okestra inapotangulia peke yake zaidi ya dakika moja; si mgeni wa bashrafu yule, anajua vyombo hutangulia na mwimbaji hujisafisha koo. Kisha mrukishe moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya namba 5. Mambo yanaenda kwa adabu, taratibu, mpaka ghafla yanageuka kuwa mwendo wa askari wa Kituruki, kama watu wa Vienna na Salzburg walivyoufikiria, na selo na besi wanageuza pinde zao na kupiga nyuzi kwa upande wa mti. Ta-ka, ta-ka. Katika chumba chako, pamoja na kitufe cha shemeji, hapo lazima palikuwa kama nyumba inaanguka.

Kwamba muziki huu si wetu, sitalibishia sana, ila fidla yenyewe si mgeni wa pwani. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na fidla imekuwa ulimi wa taarab kwa muda ambao hakuna aliye hai anayekumbuka kabla yake. Kisicho chetu ni tabia ya kukaa kimya dakika 25 bila kusema “Allah!” mahali palipokolea. Hiyo waambie wageni waiache. Wasikilizaji wa siku za Mozart nao walipiga makofi katikati ya muziki, na mwenyewe alifurahi.

Ununue ipi? Kwa sasa, usinunue. Hujaisikia bado hii uliyonayo. Baada ya kurekebisha chumba, ukiona ami bado ananung’unika, mtafutie mpiga fidla Arthur Grumiaux na okestra ya London Symphony chini ya Colin Davis, rekodi za mapema miaka ya 1960: sauti ya mviringo, mtetemo wa kiungwana, mwendo usio na pupa. Utakachokosa ni ule ukali wa majibizano na wepesi wa ngoma. Ukitaka upande wa pili, Isabelle Faust na Il Giardino Armonico, ya 2016, nyuzi za utumbo, kadenza mpya za Andreas Staier. Hiyo ina uchangamfu mpaka mtu huketi mbele ya kiti, na ami wako ataona ni kavu zaidi ya hii. Mimi binafsi kwa namba 3 huenda kwa Grumiaux, kwa namba 5 huenda kwa Faust, na nikiulizwa kwa nini nisiwe na msimamo mmoja, sina jibu.

Wale wa Ulaya unaowasoma wanapigania hapo hapo. Anayesema “changamfu” na anayesema “nyembamba” wanaeleza sauti moja. Wa kwanza alichoka na mafuta, wa pili alilelewa nayo. Maoni yao yatakufaa ukijua kwanza msemaji huwa anapenda nini.

Sasa maandalizi ya usiku wa pili. Hamishia kila kitu kiwandani, yaani uani, chini ya anga. Bila kuta karibu wala dari, boti halina pa kukaa. Chagua usiku usio na upepo, maana kusi likivuma litakula zile sehemu za kunong’ona, na ujue punda wa jirani ataingia bila kadenza. Ikibidi mbaki ndani, spika zitoke ukutani, zikae upande mfupi wa chumba zikitazama urefu wake, na watu wasogee mbele, wasiegemee. Mito na mikeka itapunguza mwangwi wa juu lakini mvumo wa chini haitaugusa, kwa hiyo besi punguza kwenye mashine yenyewe. Sauti iwe kiasi ambacho watu wawili wanaweza kuongea bila kuinua koo. Piga konseto moja tu. Wewe mwenyewe kaa mbali na spika mpaka daktari atakapokuambia.

Kama spika bado zinakoroma baada ya hayo, hilo ni la fundi, mpelekee azifungue. Barua haiwezi kuona koni iliyopasuka. Na la fidla lina fundi wake ndani ya ukoo wako. Mwombe ami aje na fidla yake, na ile sehemu ya polepole ikiisha, zima mashine, umwombe aurudie wimbo ule kwa mkono wake, na mchuzi wote anaoutaka. Dada yako akae karibu. Halafu niandikie, hasa kama ami alizifungua upya nyuzi zake ili aupate, au aliupiga na sol, re, sol, re zake zile zile.